Sura ya 9: Matundu Yapo, Nafasi Hakuna

Swali la sura hii nimeulizwa na wahasibu, na watu wa studio, na hata mzee mmoja anayetumia kompyuta yake kusikiliza taarabu tu: "Mbona matundu ya USB yapo wazi, lakini nikichomeka kitu kipya kompyuta inakataa?"

Wa mwisho kuniuliza alikuwa kijana anayehariri video za harusi huko Tabata. Kompyuta yake aliiunda mwenyewe, kipande baada ya kipande, vingi vikiwa mtumba wa Kariakoo. Kasha jipya lenye kioo ubavuni na taa zinazobadilika rangi, mazabodi ya mwaka 2013, prosesa aliyobadilishana na rafiki yake. Alilitua kasha mezani kwangu, akaligeuza mgongo.

"Kaka, hesabu mwenyewe. Matundu kumi, nimetumia manane. Haya mawili sijawahi kuyagusa. Nachomeka kamera ya pili, Windows inaniandikia rasilimali za kidhibiti cha USB hazitoshi. Hazitoshi vipi na matundu haya hapa?"

Nikamwambia, mdogo wangu, unahesabu milango ya nyumba ili ujue inalaza watu wangapi. Nyuma ya matundu yale kuna mambo manne yanayoweza kuisha, na kila moja huisha kwa wakati wake: poti, namba, umeme na njia. Kompyuta ya kiwandani huja ikiwa imeshapigiwa hesabu hizo. Uliyoiunda mwenyewe, hesabu ni zako.

Tundu ni tundu, poti ni kitu kingine

Mtaani maneno haya mawili tunayachanganya, na kwa matumizi ya kila siku haina neno. Hapa tuyatenganishe. Tundu ni kile unachokiona na kukishika. Poti ni njia ya mawasiliano inayotoka kwenye tundu hadi kwenye kidhibiti, yaani saketi inayosimamia vifaa vyote vya USB. Kidhibiti hicho kwa kawaida kimo ndani ya chipseti, ile chipu kubwa ya mazabodi inayofanya kazi bega kwa bega na prosesa.

Washa tochi ya simu umulike ndani ya tundu la bluu. Utaona vyuma vidogo vimepangwa safu mbili. Vinne ni vya USB 2.0, iliyotoka mwaka 2000. Vitano viliongezwa na USB 3.0 mwaka 2008. Safu hizo ni njia mbili zisizoingiliana. Kibodi ikichomekwa humo hutumia vile vinne tu. Diski ya kisasa hupitisha data zake kwenye vile vitano. Kwa hiyo tundu moja la bluu ni poti mbili, na tundu jeusi au jeupe ni poti moja. Rangi zenyewe ni desturi tu, hakuna sheria inayomlazimisha mtengenezaji, kwa hiyo amini kijitabu cha mazabodi kuliko macho yako.

Na hapa niseme jambo ambalo wengi hulidhania ni uchawi. Flashi ya USB 3.0 ukiichomeka polepole mno, vile vyuma vinne vinaweza kugusana kabla ya vile vitano, na kompyuta ikaipokea kama flashi ya zamani. Inakwenda kwa mwendo wa kobe, unailaumu flashi. Ichomoe, uichomeke tena kwa mkono mmoja wa haraka.

Kasi zenyewe ni hizi, kila moja kwa sekunde:

- USB 2.0 (2000): megabiti 480
- USB 3.0 (2008): gigabiti 5
- USB 3.1 (2013): gigabiti 10
- USB 3.2 (2017): gigabiti 20
- USB4 (2019): gigabiti 40

Biti nane ni baiti moja, kwa hiyo gawanya kwa nane kabla hujalinganisha na ukubwa wa mafaili yako. Na uwe macho dukani. Wenye USB walibadilisha majina wenyewe, na ile USB 3.0 ya mwaka 2008 leo huandikwa USB 3.2 Gen 1. Kasi ni ileile ya gigabiti 5, jina tu limevaa suti mpya. Usiulize jina, uliza gigabiti.

Mwenyeji mmoja, wageni 127

USB ilipoanza mwaka 1996, ikiletwa na kampuni saba zikiwemo Intel, Microsoft, IBM na Compaq, lengo lilikuwa kuondoa vurugu ya nyuma ya kompyuta. Printa ilikuwa na tundu lake pana, kibodi lake la duara, mausi lake. Waliokuja na USB waliamua kidhibiti kiwe mwenyeji na kila kinachochomekwa kiwe mgeni mwenye namba.

Mgeni anapofika huketi barazani kwa namba sifuri. Mwenyeji humuuliza yeye ni nani, kisha humpa namba yake na kumkaribisha ndani. Namba hizo zimeandikwa kwa biti saba, ambazo zinatoa namba 128. Ukiitoa sifuri ya barazani, zinabaki 127. Ndiyo maana kitabuni kidhibiti kimoja kinabeba vifaa 127.

Nyumbani hakuna anayezifikia. Kikwazo halisi kipo chini zaidi, kwenye kile tutakachokiita ncha. Ncha ni mfereji mmoja wa data ndani ya kifaa. Kifaa kimoja huwa na ncha kadhaa: moja ya kupokea amri, nyingine ya kutoa sauti, nyingine ya kuingiza sauti, nyingine ya vitufe vya kuongeza na kupunguza. Kidhibiti kina kumbukumbu ya kuhifadhi idadi fulani tu ya ncha. Kwenye chipseti za Intel za mfululizo wa 8, zilizotoka mwaka 2013, idadi hiyo ni 96. Vifaa vikichukua ncha nne hadi tano kwa wastani, nafasi zinakwisha kati ya kifaa cha 19 na cha 24. Tundu liwe wazi, namba ziwe tele, mgeni hapati kitanda.

"Lakini mimi nina vifaa vinane," kijana akaniambia.

Tukafungua Device Manager ya Windows, kwenye View tukachagua Devices by connection, ili vifaa vijipange kwa namna vilivyoungana. Tukaanza kuhesabu kwa vidole. Kibodi, kidude cha mausi isiyo na waya, kadi ya sauti ya nje, printa, kamera, diski. Hivyo sita. Waya wa saba ulitoka kwenye skrini, kumbe skrini yenyewe ina habu ndani. Habu ni kigawanyio: tundu moja linaingia, kadhaa yanatoka, na habu nayo huhesabiwa kama kifaa. Kwenye skrini kulikuwa na spika na flashi iliyosahauliwa. Waya wa nane ulikuwa wa habu ya matundu saba, ambayo kwenye orodha ilijitokeza kama habu mbili, kwa sababu nyingi za aina hiyo hutengenezwa kwa habu mbili za matundu manne zilizofungwa pamoja. Humo alikuwa amejaza diski ya pili, hedifoni, maikrofoni, kinanda, pedi ya kuhariria na kile kidude cha leseni ya programu yake. Bado ndani ya kasha: Bluetooth, kisoma kadi cha mbele na kidhibiti cha zile taa za mapambo.

Nyaya nane kwa nje, vifaa ishirini kwenye orodha. Kamera ya pili ilikuwa ya ishirini na moja.

Kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya hapa ni kukimbilia kununua habu nyingine. Habu inaongeza matundu. Haiongezi ncha hata moja, tena yenyewe inakuja na zake.

*Kwa ufupi: ukiambiwa rasilimali za kidhibiti hazitoshi, punguza vifaa au ongeza kidhibiti cha pili. Habu haitakusaidia.*

Luku moja, wapangaji wengi

Kati ya kompyuta zinazofika mezani kwangu na malalamiko ya USB, nyingi tatizo lao ni umeme, wala si namba. Na tatizo la umeme lina tabia mbaya, halisemi. Diski inatoa mlio wa tik-tik na kupotea. Printa inazimika katikati ya ukurasa. Kipanya kinaganda, kinarudi.

Tundu la USB hutoa volti 5. Kwa mujibu wa kanuni, tundu la USB 2.0 linatoa hadi miliampia 500, yaani wati 2.5. La USB 3.0 linatoa hadi miliampia 900, wati 4.5. Diski ya nje ya kuzunguka, ile ndogo isiyo na adapta yake, inaweza kutaka karibu ampia nzima pale inapoanza kuzunguka. Ikishashika mwendo hutulia. Ni kama mashine ya kusaga: shida iko kwenye kuiwasha.

Sasa ichukue diski hiyo uiweke kwenye habu ya bei rahisi isiyo na adapta. Habu ya namna hiyo ya USB 2.0 imepewa miliampia 500 na tundu la kompyuta, inabaki na 100 kwa matumizi yake, kisha inagawa 100 kwa kila tundu kati ya manne. Mia moja! Inatosha kibodi na kipanya. Kuipa diski kiasi hicho ni kumpa dereva wa lori kikombe kimoja cha uji kisha umtume Kigoma.

Kwenye mazabodi nako, mara nyingi matundu mawili yanayokaa juu na chini hushiriki fyuzi moja, ya aina inayojirudisha yenyewe ikipoa. Ukichomeka diski mbili kwenye jozi moja, fyuzi inaweza kukata, zote mbili zikapotea, na dakika chache baadaye zikarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukiona hivyo, hamishia moja jozi nyingine kabla hujamlaumu aliyekuuzia diski.

Dawa ya umeme ni habu yenye adapta yake ya ukutani. Hapo sipendekezi kubana matumizi. Nimeona adapta za bei chee zinazotoa umeme unaoyumba, na data za harusi ya mtu hazirudiwi, bibi arusi havai shela mara ya pili kwa sababu diski yako imekatika.

Kamera tatu barabara moja

Hata umeme ukitosha, vifaa vilivyo kwenye habu moja vinagawana njia moja. Kwa diski si tatizo kubwa: ikikosa nafasi inasubiri, faili linachelewa. Kamera na kadi ya sauti haziwezi kusubiri, kwani picha iliyochelewa ni picha iliyokatika. Kwa hiyo zimeruhusiwa kukata tiketi mapema, kujiwekea nafasi. USB 2.0 inaruhusu asilimia 80 tu ya njia kuwekewa nafasi kwa namna hiyo, yaani megabiti 384 kati ya 480.

Kamera ya pikseli 640 kwa 480, picha 30 kwa sekunde, isiyobana picha zake, inahitaji megabiti 147 kwa sekunde. Mbili ni 294. Tatu ni 441, na hapo ya tatu inabaki kituoni. Kuna kamera zenye tamaa zaidi, zinazokata tiketi kubwa kuliko mzigo wao, na hizo hata ya pili haipati nafasi. Kamera zikae kwenye matundu tofauti ya kompyuta yenyewe, si kwenye habu moja, na kwenye mipangilio chagua aina ya picha iliyobanwa kama ipo.

Jambo dogo lakini linasumbua sana: vifaa vya USB 3.0 vinapofanya kazi hutoa kelele ya redio kwenye masafa ya gigahezi 2.4, yaleyale ya mausi nyingi zisizo na waya. Intel walichapisha maelezo kuhusu hilo mwaka 2012. Mausi yako ikianza kurukaruka kila unaponakili mafaili, usibadilishe betri kwanza. Hamisha kile kidude chake mbali na diski, hata kwa waya mfupi wa kurefushia.

Ndani ya kasha

Anayeunda kompyuta hukutana na matundu mengine ambayo mnunuzi wa kawaida hayaoni: misumari iliyosimama juu ya mazabodi, ambako nyaya za mbele ya kasha huungwa. Kichwa chenye misumari tisa ni cha USB 2.0 na kinahudumia matundu mawili. Kile kikubwa cha misumari kumi na tisa ni cha USB 3.0, nacho matundu mawili. Mazabodi za miaka ya karibuni huwa na kingine kidogo kwa ajili ya tundu la USB-C la mbele.

Vichwa vya USB 2.0 ndivyo vinavyogombaniwa siku hizi, maana taa, pampu za maji ya kupoza prosesa na visoma kadi vyote vinavitaka, na mazabodi nyingi zina viwili tu. Viandike kwenye karatasi kabla hujanunua mapambo. Na kile cha misumari kumi na tisa, ukikichomoa vuta wima bila kutingisha. Msumari ukipinda humo, utautafuta kwa sindano na miwani.

Hesabu ya kumi na tano

Kuna watu wanaounda kompyuta ya kawaida yenye prosesa ya Intel kisha wakaweka macOS, mfumo wa kompyuta za Mac. Niseme mapema: leseni ya Apple inaruhusu mfumo huo kwenye kompyuta za Apple tu. Simshauri mtu aweke kazi yake ya kumlisha humo. Lakini hakuna mahali pengine panapoonyesha wazi tofauti ya tundu na poti.

Tangu toleo la El Capitan la mwaka 2015, macOS inahesabu poti 15 tu kwa kila kidhibiti. Inaonekana nyingi, hadi ukumbuke tundu la bluu ni poti mbili. Chipseti ya Intel Z390, kwa mfano, inaweza kutoa matundu 14, na kumi kati yake yakawa ya kasi kubwa. Poti 14 za USB 2.0, poti 10 za kasi: jumla 24. Mfumo unaanza na zile za USB 2.0, ambazo majina yake huanza na HS, na nafasi zinajaa huku zile za kasi, zinazoitwa SS, karibu zote zikiwa nje. Ndiyo maana mtu anachomeka diski mpya kwenye tundu la bluu, inasomeka, lakini kwa kasi ya mwaka 2000.

Kwa muda watu walitumia kiraka cha kuinua kikomo hicho. Kiliandika kwenye kumbukumbu nje ya eneo lililotengwa, na kuanzia macOS 11.3 hakitegemeki tena. Njia safi ni kuchora ramani. Unachukua flashi mbili, moja ya USB 2.0 na moja ya USB 3.0, unazichomeka kwenye kila tundu moja baada ya jingine, huku programu kama USBToolBox ikikuonyesha poti ipi imeitika. Kazi ya nusu saa, na mgongo unauma kwa kuinama nyuma ya kasha. Ukimaliza unachagua 15 zako. Matundu sita ya bluu ni poti 12. Tundu moja la USB-C linalojua lenyewe upande uliochomekwa ni poti mbili. Bluetooth ya ndani, ambayo wengi huisahau, ni moja. Kumi na tano, basi. Ukibanwa, kwenye tundu la kibodi acha HS, futa SS, kwani kibodi haiitaki kasi, nawe umepata nafasi moja.

Habu iliyochomekwa kwenye poti iliyochaguliwa haimo kwenye hesabu hiyo, na kidhibiti cha pili kina 15 zake. Ufundi wenyewe unaelekea mwisho: Juni 2025 Apple ilitangaza kwamba macOS 26 ndiyo ya mwisho kwa prosesa za Intel.

Kabla hujatoa pesa

Fuata mpangilio huu, maana hatua tatu za kwanza ni bure:

1. Orodhesha kila kifaa, pamoja na vilivyo ndani ya kasha na ndani ya skrini.
2. Chomoa usichokitumia kila wiki.
3. Hamisha diski na kamera kwenye matundu ya kompyuta yenyewe. Kibodi, kipanya na printa ziende kwenye habu.
4. Tatizo likiwa umeme, nunua habu yenye adapta.
5. Tatizo likiwa ncha au poti, nunua kadi ya USB ya kuchomeka kwenye nafasi ya PCI Express, njia ya mazabodi inayopokea kadi za kuongezea.

Kadi hiyo ya mwisho ndiyo inayoleta kidhibiti kipya, chenye hesabu zake mwenyewe. Angalia iwe na mahali pa kuunga waya wa umeme kutoka pawa saplai. Usidanganywe na idadi ya matundu yake: kadi fupi ya njia moja ya PCI Express ya kizazi cha pili hupitisha megabaiti 500 kwa sekunde kwa matundu yote pamoja, hata yakiwa manne ya bluu.

Kijana wa Tabata alinunua ya namna hiyo. Tulihamishia humo kamera zote mbili na kadi ya sauti, kila moja tundu lake, tukachomoa flashi iliyosahauliwa kwenye skrini. Diski ya pili tuliitoa kwenye habu, tukaichomeka kwenye moja ya yale matundu mawili ambayo hajawahi kuyagusa. Ujumbe haukurudi. Ile flashi ilikuwa na picha za harusi ya mteja aliyekuwa akizidai kwa miezi miwili.